Kiuno Kwanza, Mikono Baadaye

Hapa Waltham, jimbo la Massachusetts, tumejaa Waganda, na baadhi ya watoto wetu wameingia kwenye besiboli. Ukisimama nyuma ya wavu wakati wa mazoezi utamsikia kocha akirudia agizo lile lile kwa kila mtoto: geuza kiuno kwanza. Mikono anaitaja mwishoni kabisa. Sisi tuliokulia Walukuba, mtaa wa Jinja nchini Uganda, tulifundishwa njia nyingine ya kupiga mpira, na tangu nianze kumsindikiza mpwa wangu uwanjani nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Jinja ni mji wa kriketi. Kuna uwanja wa Jinja SSS, kuna shule ya Mwiri juu ya kilima chake, na mitaani mtoto hupata ubao wowote akasimama nao mbele ya kopo au matofali. Anachofundishwa mapema ni kujilinda: kiwiko cha mbele juu, gongo lishuke wima, kichwa kiwe juu ya mpira. Mkono wa juu ndio unaoongoza, wa chini unashika kwa wepesi tu. Yote hayo yana sababu. Mpira wa kriketi kwa kawaida hudunda kabla ya kukufikia, na hujui vizuri utanyanyuka kiasi gani, hasa kwenye udongo wetu wenye mashimo. Wiketi unayoilinda iko nyuma yako, na kosa moja linatosha kukutoa. Gongo la kriketi ni bapa, upana wake hufika sentimita 10.8, kwa hiyo ukilishusha wima unaufungia mpira njia.

Gongo la besiboli ni la mviringo, na unene wake hauzidi sentimita 6.7. Mpira unakuja hewani bila kudunda, kati ya magoti na kifua. Lakini una ruhusa ya kukosa: ukizungusha gongo ukaukosa mpira mara moja, au hata mara mbili, bado uko uwanjani. Halafu mpira ni lazima uende mbele yako, ndani ya pembe ya digrii 90. Ule mguso mdogo wa kuusindikiza mpira nyuma, ambao Jinja unakupa mbio nne na makofi, hapa hauna thamani. Ndiyo maana mtoto wa Marekani hufundishwa kupiga kwa nguvu tangu siku ya kwanza.

Nguvu hiyo haitoki mabegani. Mpigaji husimama kiubavu, uzito wake akiurudisha kwenye mguu wa nyuma. Mpira unapoachiwa anapiga hatua fupi mbele. Unyayo ukishakanyaga, nyonga zinaanza kufunguka huku mabega yakiwa bado yamebaki nyuma. Kisha kiwiliwili, kisha mabega, kisha mikono, na gongo mwisho kabisa. “Mjomba, tazama goti langu,” mpwa wangu huniambia, na kweli siri iko hapo: goti la mbele hunyooka na kukaza ghafla, mwili unazuiwa, na mwendo wote uliokuwa miguuni unapanda hadi kwenye gongo. Vyote vikigeuka kwa pamoja, mikono inabaki kufanya kazi peke yake na mpira hauendi mbali. Kwa wachezaji wakubwa, mpira wa kilomita 145 kwa saa hufika kwa takriban sehemu nne za kumi za sekunde, na hugusana na gongo kwa takriban sehemu moja ya elfu tu.

Kuna jambo jingine la njia ya gongo. Ted Williams wa Boston Red Sox, aliyemaliza msimu wa 1941 kwa wastani wa upigaji wa .406, alishikilia kwamba gongo lipande kidogo linapokutana na mpira. Mrushaji husimama juu ya kichuguu cha sentimita 25, mpira wake huja ukishuka, na gongo linalopanda kidogo hukaa kwenye njia ya mpira kwa muda mrefu zaidi. Mcheza kriketi aliyezoea kushusha gongo kutoka juu hukutana na mpira huo mahali pamoja tu, kwa nukta moja.

Pamoja na hayo, sikubali wanaosema kwamba mtoto wa Jinja anaanzia sifuri. Jicho lililozoea mpira unaodunda ovyo kwenye udongo haliogopi mpira unaokuja moja kwa moja. Na kiuno tunacho tayari. Kila aliyesoma shule zetu amefyeka nyasi kwa slesha, na anajua kwamba anayefyeka kwa mkono mtupu huchoka kabla hajamaliza kipande chake, ilhali anayegeuza kiuno na kuhamisha uzito humaliza akiwa bado anapumua vizuri. Kocha anayeanzia hapo ataeleweka kwa dakika chache.

Ushahidi uko barabarani, njiani kwenda Kampala. Timu ya watoto wa Uganda ilifuzu Kombe la Dunia la Little League, mashindano ya besiboli ya watoto, mwaka 2011, ikanyimwa viza. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, mji ulio kwenye barabara hiyo, walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza huko, na waliifunga timu ya Oregon 3–2.

Tofauti kubwa ninayoiona ni vifaa. Huku mtoto hupiga mpira uliowekwa juu ya kigingi mara nyingi kabla ya kurushiwa hata mmoja, na humo ndimo mpangilio wa kiuno na mikono unamoingia mwilini bila haraka. Kigingi hicho hakihitaji msaada wa mtu yeyote: ndoo ya mchanga, fimbo, na kipande cha bomba la mpira la maji kilichochomekwa juu yake, kimo cha kiuno cha mtoto. Mipira ikiwa michache, soksi iliyojazwa matambara inatosha kwa zoezi hilo, maana hapo tunachofundisha ni mzunguko. Kule Jinja ningeanza na watoto wa miaka minane au tisa, wale wale wanaocheza kriketi, na nisingewaambia waache kriketi.