Barua kutoka Coventry: Mpwa Wangu Anataka Benzi

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha zake zote: za mbele, za ubavuni, za viti vya ngozi, na ile uliyoegemea boneti kana kwamba umeshalipa. Mercedes C-Class ya 2013, nyeusi, iko yadi Mombasa, milioni moja na laki sita. Waniuliza kama bei ni nzuri. Tena waniuliza, kwa adabu lakini nimekuelewa, kama mjomba anaweza kujazia laki tatu.

Nakujibu hapa gazetini kwa sababu si wewe peke yako. Vijana wa kwetu Kilifi, wa Mnarani, Takaungu na Bofa, wakipata kazi ya kwanza yenye mshahara wa maana huniletea swali hilo hilo, na wenzao wa huku Uingereza huniuliza kwa paundi.

Tuanze na jambo dogo ulilolipita. Muuzaji kakwambia gari "limeshuka juzi". Halikushuka juzi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ndiyo maana kufikia 2025 bandari ya Mombasa ilikuwa ikipokea magari ya 2018 kwenda mbele. La 2013 mwisho wake wa kuingia ulikuwa mwaka 2020. Tazama namba yake ya usajili katika picha ulizonitumia mwenyewe: inaanza na KC, herufi za miaka ya nyuma. Maana yake limekwisha kula barabara za Kenya miaka kadhaa, na mtu alilimiliki, pengine watu. Muuzaji anayedanganya juu ya jambo ambalo kibao cha namba kinalisema hadharani, atakwambia ukweli gani juu ya gia boksi?

Sasa nikwambie mambo ya huku, maana najua mnatazama picha zetu.

Benzi kama hilo, la mwaka huo huo, hapa Coventry utalipata kwa paundi elfu tano au elfu sita. Likiwa jipya liliuzwa zaidi ya mara nne ya hapo. Mkenya akishuka ndege na kuona tangazo hilo hudhani Waingereza wamerukwa na akili. Hawajarukwa. Mwenye gari amepiga hesabu ya matengenezo yanayokuja akaona afadhali yamkute mwingine, na huyo mwingine mara nyingi ni kijana anayenunua gari kwa mara ya kwanza.

Nina kijana mmoja hapa, wa kwetu Kilifi, anayefanya kazi ya kutunza wazee. Leseni ya Kenya hutumika Uingereza miezi kumi na miwili tu tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo ni kufanya mtihani upya, nadharia na barabarani, na miaka uliyoendesha Mombasa haihesabiwi. Akafaulu. Wiki hiyo hiyo akanunua gari la Kijerumani, jeusi kama lako, kwa akiba yake yote. Kisha akaenda kutafuta bima. Magari huku hupangwa katika makundi ya bima, na kadiri kundi linavyopanda ndivyo bei inavyopanda. Mwenye leseni mpya na chini ya miaka ishirini na mitano anaongezewa juu yake. Bima ya mwaka mmoja ikakaribia bei ya gari lenyewe. Akalipa kwa mafungu ya kila mwezi, yenye riba. Gari likiwa la dizeli ya zamani, kila siku aliyoingia katikati ya Birmingham kumwona mchumba alitozwa paundi 8 za hewa chafu, sheria iliyopo tangu Juni 2021. Mchumba akawa anakuja yeye kwa treni. Kabla mwaka haujaisha gia zikaanza kusita, fundi akataja bei ya kutengeneza iliyopita ile aliyonunulia gari zima, na likaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi anapanda basi, na akiba yake imeanza kurudi.

Na wale wanaopiga picha kando ya magari mapya kabisa? Wengi wao gari si lao. Kuna mkataba huku uitwao PCP: unaweka amana, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, na mwishoni linabaki donge kubwa la pesa. Ukilishindwa donge, unarudisha ufunguo na unaondoka mikono mitupu. Biashara yenyewe ilikuwa na ujanja wake: wauza magari walikuwa na uhuru wa kupandisha riba ya mteja ili kamisheni yao ikue, mpaka mamlaka ya fedha, FCA, ikapiga marufuku mtindo huo Januari 2021. Kesi za kamisheni hizo zilifika Mahakama ya Juu na kuamuliwa Agosti 2025. Kwa hiyo ukiona picha ya mtoto wa fulani na Range Rover, mpongeze, lakini usimhesabie mali.

Utaniuliza, basi si mjomba anunue hilo la paundi elfu tano alitie melini? Usukani wa huku uko kulia kama wa kwetu. Kwanza, la 2013 halipokelewi tena. Pili, hata ningenunua la mwaka unaokubalika, na hata ningelipata kwa bei ya kutupa, mamlaka ya kodi, KRA, haiangalii risiti yangu. Huanza na orodha yake ya bei za rejareja za magari yakiwa mapya, ikapunguza kulingana na umri, na hapo ndipo ushuru unapoanza kuhesabiwa. Chukua gari la injini iliyozidi kidogo 1500cc ambalo thamani yake ya forodha imekuja shilingi milioni moja. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha wa asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 unatozwa juu ya jumla hiyo: 337,500. VAT ya asilimia 16 juu ya vyote: 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2. Jumla ya kodi inakuwa 1,002,500. Ni kama umelinunua gari hilo mara ya pili, safari hii kwa serikali.

Upo msamaha wa ushuru kwa Mkenya anayerudi kuishi nyumbani moja kwa moja, aje na gari lake aliloishi nalo ughaibuni angalau mwaka mzima. Najua umeusikia, maana mama yako ameshautaja mara mbili simuni. Mimi sirudi mwaka huu, na gari ninaloendesha ni Toyota Yaris.

Hapo ndipo lilipo neno langu lote, mpwa wangu. Gari la kifahari likichakaa, bei yake ya kuuzwa inashuka, lakini bei yake ya upya haifi. KRA inaikumbuka, muuza spea anaikumbuka, fundi anaikumbuka. Umenunua jahazi la tajiri kwa bei ya mtumbwi, na siku tanga likichanika utauziwa tanga la jahazi.

Sikulaumu kulitamani. Kabla daraja la Kilifi halijafunguliwa mwaka 1991, kwa fedha za Wajapani, magari yote ya kwenda Malindi yalisimama foleni ya feri hapo hapo Mnarani, nasi watoto tulikuwa na muda wa kuyatazama moja moja. Mabasi, malori ya mkonge, Peugeot 504 zilizojaa mpaka juu. Ikitokea Benzi la mkubwa wa serikali tuliacha hata kuuza korosho. Nchi nzima ilikuwa imewapa jina watu hao, Wabenzi, na halikuwa jina la kusifu, lakini sisi tuliligeuza kuwa ndoto. Ndoto hiyo inaonekana imerithiwa kwa upande wa kuukeni.

Ila tutazame gari lenyewe na mahali litakapolala. C-Class ya kizazi hicho, ile mafundi wanayoiita W204, iliyotengenezwa kuanzia 2007 hadi 2014, ni gari zuri barabarani, sitaki kulisingizia. Lakini lina kufuli ya usukani ya umeme inayojulikana dunia nzima kwa kugoma. Unatia ufunguo, hakuna taa, hakuna mlio, gari limekufa na betri ni nzima. Halisukumwi likawaka. Linapandishwa lori mpaka kwa mwenye kompyuta ya kuzungumza nalo, na usimtafute Kibaoni, utampata Mombasa. Jirani yako wa Toyota Fielder akipata hitilafu anatembea dukani Kilifi anarudi na spea mkononi. Yako itaagizwa Mombasa, ikikosekana ni Kirinyaga Road, Nairobi, na huko utaulizwa wataka ya asili au ya kuiga. Ukisikia bei ya ya asili utachukua ya kuiga, kisha utanunua tena.

Ujue pia kwamba wewe unaishi kando ya bahari. Kusi likivuma, chumvi ya mlango wa bahari inapanda mpaka barazani. Unaona inavyofanya mabati na bawaba za milango. Gari hilo lina waya na soketi nyingi kuliko nyumba ya mama yako, na kutu ya soketi moja yaweza kuwasha taa tano za hatari kwenye dashibodi. Njia ya kutoka barabara kuu kushuka kuelekea magofu ya Mnarani ni mawe ya matumbawe. Tairi zake ni za ubavu mfupi na rimu kubwa. Angalia buti kama kuna tairi ya akiba, maana magari mengi ya namna hii hayana. Lako ni la petroli, nashukuru. La dizeli lenye chujio la moshi lingeteseka zaidi, kwa sababu chujio hilo hujisafisha injini ikipata moto kwa safari ndefu, na wewe safari yako ya kila siku ni kuvuka daraja kwenda kazini na kurudi.

Na kama lilitoka Japani, jaribu redio. Masafa ya FM ya kule huanzia 76, na redio nyingi zao hazifiki zilipo stesheni zetu nyingi. Utakuwa kijana wa Benzi anayesikiliza taarabu kwa simu.

Kuna jambo la wizi pia, nalitaja upesi. Mwaka 2015 Lexus iliyoibwa Uingereza ilifuatwa kwa kifaa kilichofichwa ndani yake mpaka Uganda, ikiwa imepitia Mombasa, na magari mengine ya kifahari ya wizi yakapatikana huko. Ukiletewa gari lililotoka Uingereza, dai namba yake ya zamani ya huku. Kwa namba hiyo tu, ukiwa umekaa hapo Mnarani, unaweza kufungua bila malipo rekodi zake za MOT, ukaguzi wa kila mwaka ambao kila gari lazima lifanyiwe likifika miaka mitatu: kilomita au maili zilizosomwa, kasoro zilizoandikwa, mwaka liliofeli. Muuzaji anayeificha namba hiyo, mwache na gari lake. Kwa hilo lako, ingia tovuti ya eCitizen uitafute rekodi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, uone jina la mmiliki na kama kuna benki inayolishikilia. Magari mengi mazuri ya bei rahisi yana mkopo wa logibuku juu yake.

Basi uamuzi wangu ni huu. Laki tatu za kununulia sitoi. Ukiamua kuchukua Benzi, lipelekwe kwanza kwa fundi wa Mercedes ambaye hajuani na yadi hiyo, lipimwe kwa kompyuta likiwa baridi na likiwa limepata moto, na ufunguo utiwe na kutolewa mara nyingi. Ripoti ikiwa safi na muuzaji akashusha bei mpaka ukabaki na laki nne zako mwenyewe, nitaweka laki tatu zangu kwa mama yako, ziwe za matengenezo ya mwaka wa kwanza. Huzigusi kwa rimu wala kwa muziki. Ukichukua Fielder au Axio, laki tatu hizo ni zako, fanyia utakalo, hata ukazimalizia Bofa.

Usilipe amana kabla hujanitumia namba ya chasisi na ripoti ya fundi. Msalimie mama yako, na umwambie ile habari ya msamaha wa ushuru asiirudie tena.

Mjomba wako,
Coventry