Vola haina matata

Jirani yangu hapa Lancaster, Pennsylvania, ana Chevrolet Nova ya mwaka 1972, na kwa miezi saba amekuwa akiitafutia usukani. Si kwamba hana. Anao, ila umepasuka mahali pawili, na plastiki yake imekauka mpaka inaacha unga mweusi viganjani. Gari linageuka vizuri tu. Lakini mzee anataka usukani mwingine wa enzi ileile, usiwe umetoka kiwandani juzi.

Aliponieleza mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu mimi ni mtoto wa Lubumbashi. Kwetu, ukimwambia mtu una shida ya vola (ndivyo tunavyouita usukani, kwa Kifaransa chetu cha garaji), hakuulizi umepasuka wapi. Anakuuliza uko upande gani.

Oktoba mzee alinipeleka Hershey, mji wa chokoleti, ambako tangu 1955 chama cha wapenda magari ya kale, AACA, hufanya mkutano wake wa vuli. Nilitarajia maonyesho, nikakuta gulio. Wazee wamekaa kwenye viti vya kukunja, mbele yao vyuma vimepangwa juu ya turubai, sawa kabisa na wauza vipuri vya okazyo, yaani vilivyokwisha kutumika, walivyo kandokando ya barabara kwetu, ila hawa wana chupa za kahawa na hawamwiti mteja. Sukani zilikuwa zimetundikwa kwenye vyuma kama sufuria za harusi.

Mzee hakuangalia uzuri. Kila usukani aliupindua akatazama kitovu chake kwa nyuma, kwenye tundu lenye meno, yale yanayoshika kichwa cha mhimili. Yakikosa kulingana, biashara imekwisha hata usukani uwe wa dhahabu. Yakilingana, inabaki kazi ya honi na kile kipande kidogo kinachorudisha indiketa baada ya kona. Bahati ya wenye Chevrolet ni kwamba General Motors ilikuwa na kitengo chake cha mambo ya usukani mjini Saginaw, Michigan, kilichohudumia chapa zake zote, kwa hiyo usukani wa Chevelle huweza kukaa kwenye Nova na wa Camaro vilevile. Wanaouza vitovu vya kubadilishia huandika kwenye boksi moja tu: GM, 1969 hadi 1994. Miaka ishirini na mitano ya magari kwenye boksi linaloenea mkononi!

Na bado watu hukosea. Kijana mmoja alikuwa ameshika usukani wa Nardi akitaka kuufunga kwenye kitovu cha Momo. Vyote vina bolti sita, macho hayaoni tofauti. Lakini mduara wa bolti za Momo ni milimita 70, wa Nardi 74. Milimita nne zilimrudisha nyumbani mikono mitupu. Mzee alinionyesha kwamba haya yote yana vitabu: Hollander, ambayo tangu 1934 inaorodhesha kipuri gani cha gari gani kinaingia kwenye gari lipi. Mwenye yadi ya magari mabovu hafungui hata boneti. Anafungua kitabu, siku hizi kompyuta.

Sasa njoo Kasumbalesa.

Kasumbalesa iko kilomita 90 hivi kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia. Zambia, kama Tanzania na Kenya, wanaendesha kushoto, dereva amekaa kulia. Kongo tunaendesha kulia, urithi wa Mbelgiji. Kwa hiyo pale mpakani lori linalotoka Chililabombwe huvuka geti na kuhamia upande wa pili wa barabara. Barabara inahama, lakini vola haihami. Na kwa kuwa magari mengi ya watu wa kawaida hutoka Japani, hushushwa Dar es Salaam, hupita Tunduma na ukanda wa shaba wa Zambia, karibu kilomita 2,000 za lami na vumbi, yanafika kwetu usukani ukiwa kulia. Zimetoka amri Kinshasa za kuyakataza. Rwanda, nao wanaoendesha kulia kama sisi, walikwisha kukataza kuyaingiza tangu 2005. Mpakani kwetu yaliendelea kuvuka.

Nimekulia ndani ya gari kama hilo. Manseba, yaani kaka yake mama, alikuwa akinipakia kiti cha mbele kushoto tukienda Kasumbalesa kufuata unga. Mbele yetu malori ya shaba, moja nyuma ya lingine. Yeye amekaa upande wa majani, haoni kitu ila matope ya lori. Mimi ndiye niliyekaa katikati ya barabara. Nilikuwa na miaka kumi na kazi yangu ilikuwa kuchungulia na kusema, "Pita, manseba," au, "Bado, bado!" Sijawahi kupewa tena madaraka makubwa kiasi hicho, hata huku Marekani ninakolipwa.

Ndipo watu wanapoamua kubadilisha vola. Anayesikia maneno hayo huko Hershey atafikiri ni nusu saa ya spana na pula. Nilishinda siku mbili katika garaji moja ya Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi) manseba alipopeleka Corolla yake. Dashibodi nzima iling'olewa ikawekwa chini ya mwembe. Ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria ulitobolewa upande wa kushoto ili mhimili upite, na tundu la kulia likazibwa kwa bati. Pedeli zikahamishwa, masta silinda ya breki ikafuata, waipa zikageuzwa zifagie upande wa dereva mpya.

Lakini penye kazi hasa ni kwenye reki, ule mtaimbo wenye meno unaosukuma magurudumu. Mwanafunzi wa pale alidhani ataokoa pesa za mwenye gari: akaichukua reki ileile ya kulia, akaigeuza nyuma mbele, ikakaa vizuri upande wa kushoto. Gari likapandishwa juu ya mawe, manseba akazungusha vola kulia. Magurudumu yakaenda kushoto. Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Ukiigeuza reki hivyo, kile kipinioni, gia ndogo inayozungushwa na mhimili, kilichokuwa nyuma ya meno sasa kiko mbele yake, na kila amri inafika kinyume. Makanika mkubwa, aliyekuwa akila, hakusimama hata. Alimnyooshea manseba kidole chenye ugali, akimwita yaya, yaani kaka mkubwa:

"Vola haina matata, yaya. Matata iko uku chini."

Ni maneno ambayo nilikuja kuyaelewa Hershey. Kati ya vitu vyote vilivyokuwa chini ya mwembe ule, kitu kimoja tu kilihama kutoka kulia kwenda kushoto bila kukatwa, kuchomelewa wala kugeuzwa: usukani wenyewe. Ni duara. Haujui upande. Mmarekani anabakiza gari lote na kusafiri kaunti tatu kutafuta duara; sisi tunabakiza duara na kulikata gari kulizunguka.

Nisijifanye kwamba nawasifu mafundi wetu kwa kila kitu. Mzee wa Nova aliniambia kwa nini hataki mhimili wa kabla ya 1967: ulikuwa chuma kimoja kirefu, na kwenye ajali ya uso kwa uso ulimwingia dereva kifuani kama mkuki. Mwaka huo General Motors walileta mhimili unaojikunja ukigongwa, na kuanzia Januari 1968 sheria ikaulazimisha kwa magari madogo yote. Sasa fikiria makanika anayeunganisha mhimili kwa kipande cha bomba na mashine ya kuchomelea. Amerudisha mkuki. Taa nazo mara nyingi husahauliwa: taa za gari la Japani zimetengenezwa zimulike ukingo wa kushoto, kwa hiyo kwetu zinammulika usoni anayekuja. Na kwenye HiAce za taxi-bus hata fundi bora hana dawa, kwa sababu mlango wa abiria uko kushoto. Unamhamisha dereva, mama mwenye mtoto mgongoni anaendelea kushukia katikati ya barabara. Mimi ningeliacha gari la namna hiyo lilivyo, nimtafutie kiti cha mbele mtoto mwenye macho makali, kuliko kulikata vibaya.

Halafu kuna mabaki, alama zinazokuambia hili gari lilihama. Katika Corolla ya manseba mkono wa kufungulia boneti ulibaki kulia, kwenye magoti ya abiria. Akifika kituo cha mafuta anamwomba mgeni wake, kwa heshima zote, "Samahani mama, vuta hapo." Indiketa pia ilibaki mkono wa kulia kama Wajapani walivyoiweka, nami nilijifunza kuendesha hapo. Mwezi wangu wa kwanza Pennsylvania kila nilipokata kona nilifagia kioo kikavu kwa waipa.

Wamarekani wenyewe waliwahi kuhama. Magari yao mengi ya mwanzo yalikuwa na usukani kulia, hata Ford Model T ya 1908 ilipouweka kushoto na wengine wakafuata. Hata leo tarishi anayeniletea barua anaendesha kutoka kulia, katika kigari cha Grumman kilichoundwa kati ya 1987 na 1994 juu ya fremu ya Chevrolet, ili afikie masanduku bila kushuka. Na kuna vijana wanaosubiri gari la Japani lifikishe miaka 25, maana hapo sheria inaruhusu kuliingiza jinsi lilivyo. Nissan Skyline ya 1989 waliisubiri mpaka 2014. Ikifika, mtu asithubutu kugusa usukani wake! Ule wa kulia ndio fahari yenyewe. Nimewaza mara nyingi kumpeleka mmoja wao kwa yule makanika wa mtaa wa Kenya, nisikilize mazungumzo yao.

Baada ya Hershey nilimpigia manseba simu. Mzee alikuwa amepata usukani wake, wa Chevelle, nami kwa mori uleule nikataka kumtumia manseba usukani wa ngozi, mzuri, kwa ajili ya Corolla yake ya sasa, nyingine tena iliyovukia Kasumbalesa, bado iko kulia.

"Vola ninayo," akasema. "Huko kwenu motoka zote si ziko kushoto?"

Nilikuwa sijawahi kulifikiria. Kila Corolla iliyogongwa katika jimbo hili imebeba kila kitu ambacho makanika wetu anakisaka mwezi mzima: reki ya kushoto, pedeli za kushoto, dashibodi nzima ya kushoto isiyo na mshono. Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye yadi, simu mkononi, makanika upande wa pili akiniamuru nisogeze kamera. Reki aliikataa mara moja: gari la manseba lina usukani wa umeme, hili la Marekani linasukumwa kwa mafuta. Hakufungua kitabu chochote, alitazama mabomba mawili tu. Dashibodi akaguna, huenda, lakini kontena litakula pesa. Kisha akaniambia niinamishe simu chini, zaidi, hapo.

"Hizo pedeli. Na chuma chake chote, usiache bolti."

Ili nizifikie ilinibidi kwanza nitoe usukani na kushusha mhimili. Karani wa yadi alipokuja kuandika bei aliuliza kama nao nauchukua. Nilimwambia hapana, nikauacha juu ya kiti.