Silinde Aliyeuliza, Silinde Anayejibu

Mwaka 2010 Tunduma haikuwa na jimbo lake. Tulikuwa sehemu ya Mbozi Magharibi, mkoani Mbeya, jimbo lililoanzia hapa mpakani na Zambia likateremka hadi mashamba ya mpunga ya Kamsamba. Uchaguzi wa mwaka ule CCM walilipoteza jimbo hilo kwa kijana wa CHADEMA, David Silinde.

Miaka ile TBC ilirusha Bunge moja kwa moja. Kwenye kijiwe chetu cha chai, wabadilisha kwacha, wapiga debe na madereva waliokwama kwenye foleni ya malori, wote walinyamaza kipindi cha maswali na majibu kilipoanza. Silinde akisimama kuuliza swali la nyongeza, mtu alikuwa akiongeza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Hatukutegemea waziri ajibu vizuri. Ilitutosha kwamba ametajwa mtu wa mpakani, na kwamba waziri amelazimika kusimama kwa ajili yetu. Nilikuwa kijana, na siasa nilijifunzia pale.

Mwaka 2015 jimbo liligawanywa. Silinde akabaki na Momba, Tunduma akaichukua Frank Mwakajoka, naye wa CHADEMA. Mwanzoni mwa 2016 tukapata mkoa wetu wa Songwe, na wakati huohuo matangazo ya moja kwa moja ya Bunge yakasimamishwa. Mkoa tuliusherehekea. Lile la pili tulilizoea taratibu, na nadhani lilituumiza kuliko tulivyojua. Kijiwe kilihamia kwenye mpira.

Kisha ukaja Mei 2020, wakati wa korona. Mwenyekiti wa CHADEMA, Freeman Mbowe, aliwaagiza wabunge wake wajiweke karantini siku 14 na wasiingie bungeni. Silinde aliendelea kuingia. Kamati Kuu ikamvua uanachama pamoja na Anthony Komu, Joseph Selasini na Wilfred Lwakatare. Akahamia CCM, na Oktoba akagombea Tunduma yenyewe dhidi ya Mwakajoka, akatangazwa mshindi. Ulikuwa uchaguzi ambao wapinzani waliyakataa matokeo yake nchi nzima. CHADEMA waliambulia jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, kwa majirani zetu wa Rukwa. Desemba akateuliwa Naibu Waziri, TAMISEMI.

Hapa mjini watu waligawanyika, hata ndani ya nyumba moja. Wazee wengi walifurahi: mtoto wa nyumbani sasa yuko jikoni. Vijana waliompigania miaka kumi walimwita msaliti. Mimi neno hilo sikulitumia na silitumii leo. Chama kilishamfukuza, na mwanasiasa ana haki ya kutafuta pa kufanyia kazi. Kazi ameifanya pia. Alikuwa TAMISEMI wakati ule wa fedha za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3, zilipojengwa madarasa 15,000 nchini. Februari 2023 akapelekwa Mifugo na Uvuvi, Agosti mwaka huo Kilimo, wizara ambayo Japhet Hasunga wa Vwawa aliwahi kuiongoza. Kwa mkoa wa mahindi, kahawa na mpunga, hiyo si nafasi ndogo.

Lakini naibu waziri haulizi maswali bungeni. Siku hizi nikifungua Bunge kwenye simu namwona akijibu, kwa utulivu na kwa takwimu, habari za mbolea ya ruzuku na skimu za umwagiliaji za majimbo ya watu wengine. Shida ya maji ya Tunduma, ambayo akina mama wa hapa wameibeba kichwani tangu nikiwa mtoto, mbunge wetu hawezi kuiulizia pale mbele ya nchi. Anaweza kumweleza waziri mwenzake ofisini, na naamini anamweleza. Ila sisi hatusikii alichosema wala alichoahidiwa, na hakuna Hansard ya kumshikia mtu ahadi.

Hilo ndilo tulilopoteza, na lingetupata hata kama angeteuliwa mtu mwingine. Basi kazi ya kuuliza imerudi kwa madiwani wetu na kwetu sisi wenyewe. Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa mwananchi yeyote. Ndugu zangu wa Tunduma, twendeni tukakae mle ukumbini, tusikilize diwani wa kata yetu anauliza nini kuhusu maji, na akikaa kimya tumfuate kwenye mkutano wa mtaa tumuulize sababu.