Kutoka Misiera hadi Biharwe: safari ya kumleta Shumbusho



Mgeni akifika Misiera kwa mara ya kwanza, ataona yale yale yaliyopo kila upande wa Nakivale: nyumba za udongo, mabati yanayong'aa juani, mashamba ya mahindi na maharage, watoto na madumu ya maji, na vumbi la bodaboda. Akikaa siku mbili tatu ndipo atawasikia ng'ombe. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajafungua redio, wao wameshaanza kuitana.

Msishangae. Ng'ombe wana historia ndefu hapa kuliko sisi. Makazi haya yalianza kupokea wakimbizi mwaka 1958, yakatambuliwa rasmi mwaka 1960, na wa kwanza walikuwa Wanyarwanda, wengi wao wafugaji. Na kabla ya hao, nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wahima wa Ankole na ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Kwa hiyo sisi Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine tuliokuja baadaye, tumejenga katika nchi ya ng'ombe.

Mimi ni mtoto wa Uvira. Kwetu utajiri ni mtumbwi na taa ya kuvulia ndagala usiku. Ng'ombe tulimwona siku ya sikukuu, tena akiwa ndani ya sufuria. Nisingedhani siku moja nitaandika habari ya kumlilia ng'ombe. Lakini dunia ni kutembea.

Ng'ombe wetu wa kwanza tulimnunua kwa akiba ya kikundi cha kuweka na kukopa, baada ya misimu miwili ya maharage. Jirani yetu, mzee mmoja Munyamulenge kutoka milima ya Minembwe, ndiye aliyempa jina: Bihogo. Maana yake ni ng'ombe wa rangi ya kahawia iliyokolea, na Wanyankole pia hutumia jina hilo hilo. Alikuwa mfupi ajabu. Pembe zilikua, mwili ukakataa. Watu walipita wakicheka wakisema tumeuziwa mbuzi aliyevaa pembe za kaka yake. Binti yetu mdogo aliweza kumshika shingo bila kunyoosha mkono. Jioni akitoka shule, Bihogo alimsikia kutoka mbali na kuanza kulia, mpaka mtoto afike na ganda la ndizi.

Maziwa yake hayakuwa mengi, yalikuwa lita mbili tu kwa siku. Moja ilibaki nyumbani, moja iliuzwa. Mwaka 2023 WFP walipoanza kutugawa katika makundi kwa ajili ya mgao, lita ile moja ndiyo iliyonunua madaftari na sabuni. Ndiyo maana nasema Bihogo alikuwa mtu wa nyumba. Alikuwa na kazi yake kama sisi sote.

Kilichomwua ni kupe. Wanaofuga wanaujua ugonjwa huo, ndigana kali. Kupe wa kahawia anayependa masikio ya ng'ombe ndiye anayeubeba. Kwanza tezi chini ya sikio huvimba, halafu homa, halafu mnyama anaacha kula, macho yanatoa machozi, anapumua kwa shida na povu linatoka puani. Dawa ipo, na inaponyesha ikiwahi siku za mwanzo. Ikichelewa, mapafu yanajaa maji na kazi imekwisha. Bihogo alikuwa ameogeshwa kwa dawa ya kupe kila wiki. Lakini katika upande huu wa Mbarara na Isingiro kupe wengi wameshazoea dawa, na nyingine zinazouzwa madukani ni hafifu. Ile tuliyouziwa sisi, kupe waliiogelea. Mganga wa mifugo alifika siku ya tano akatikisa kichwa. Siku ya saba asubuhi Misiera iliamka, na kwetu hakuna aliyeitikia ng'ombe wa jirani.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Katika kambi, kumlilia mnyama ni aibu. Huyu amezika watoto njiani, yule hajui mume wake alipo tangu vita. Wewe utasimamaje mbele yao na machozi ya ng'ombe? Mama watoto alilia jikoni, akisema ni moshi. Mimi nilienda shambani. Binti ndiye peke yake aliyelia wazi, na watu wakamwambia, "Nyamaza mtoto, ng'ombe ni ng'ombe tu."

Yule mzee jirani alikuja jioni na fimbo yake, akaketi kwenye kigoda. Alimsikia mtu akimwambia mtoto anyamaze, akasema, "Mwacheni alie. Machozi si mgao wa chakula, hayapimwi kwa kadi."

Huyu mzee anajua anachosema. Katika milima yao ya Fizi, Mwenga na Uvira, tangu 2017 vijiji vingi vilichomwa na ng'ombe wakaporwa kwa maelfu. Zizi lake liliisha lote. Na niseme ukweli, kwa kuwa jarida hili ni la familia: huko nyumbani, yeye na mimi tungehesabiwa pande mbili. Watu wa ng'ombe na watu wa mashamba na ziwa wamemwagiana damu, kila upande una makaburi yake. Hapa Misiera tunachota maji kwenye bomba moja.

Wiki mbili baadaye alirudi akaniambia, "Mwanangu, nimekuja kukushumbusha." Nilidhani ananikumbusha deni. Akacheka mpaka akakohoa.

Gushumbusha ni desturi ya zamani ya Wanyarwanda na Wanyamulenge. Mtu akifiwa na ng'ombe wake, au akiporwa, ndugu na marafiki humletea ng'ombe mwingine ili zizi lisibaki tupu. Haiwi mkopo wala biashara. Na neno hilo hawalitumii kwa ng'ombe peke yake: mtoto aliyezaliwa baada ya mwingine kufa huitwa Shumbusho, yaani faraja ya kilichopotea. Aliyepewa naye ana wajibu. Anapotaka kuapa au kushukuru, humtaja aliyempa ng'ombe, watu wote wasikie. Na baadaye ng'ombe yule akizaa jike, hurudisha shukrani kwa ndama. Hiyo wanaiita kwitura. Hata serikali ya Rwanda ilipoanzisha mpango wa Girinka mwaka 2006, wa ng'ombe mmoja kwa kila familia maskini, ilijenga juu ya desturi hii: jike wa kwanza anayezaliwa hupewa jirani anayefuata.

"Lakini mzee, wewe mwenyewe huna ng'ombe," nikamwambia. Akajibu kwamba anaye mmoja, ndama jike, yuko Biharwe. Mdogo wake anachunga ng'ombe za mwenyeji mmoja huko na mshahara wake wa mwaka ulikuwa ndama. Ndugu wawili walikubaliana huyo ndama awe mwanzo mpya wa zizi lao. Mwanzo huo ndio aliotaka kunipa mimi, mtu wa ndagala.

Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu mama watoto alinivuta pembeni akaniambia, "Baba, ukimkataa mzee, unamwambia kwamba yeye ni mkimbizi tu, hana cha kumpa mtu." Basi nikakubali.

Haikuwa safari ya kesho yake. Mwaka 2024 ugonjwa wa miguu na midomo ulienea, wilaya nyingi za Uganda zikawekewa karantini, masoko ya mifugo yakafungwa, na mnyama haruhusiwi kuvuka. Tulingoja miezi. Njia ilipofunguliwa, tulitafuta kwanza kibali cha daktari wa mifugo wa serikali, maana bila karatasi hiyo ndama wako anaishia kwenye kizuizi cha polisi. Wanaotaka kufuata njia hii, walishike hilo: karatasi kwanza, kamba baadaye.

Tulitoka Misiera alfajiri, mzee na mimi, kwa bodaboda mpaka Base Camp, kisha taksi ya kwenda Isingiro. Barabara inaacha nyanda kavu zenye miiba na kupanda vilima. Ghafla kila kitu kinakuwa kijani: migomba, migomba, migomba, mpaka juu ya mlima. Isingiro ni nchi ya matoke. Malori yanajaa mikungu, vijana wanalala juu yake kama kwenye godoro. Mzee aliangalia migomba bila hamu yoyote. "Ng'ombe atakula wapi hapa?" akauliza. Kila mtu huona nchi kwa macho ya kwao.

Mbarara ni mji mkubwa sasa, ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2020. Wengi wetu tunaujua kwa sababu ya hospitali ya rufaa: tunafika na mgonjwa, tunarudi na dawa au na jeneza, hatuangalii kitu kingine. Siku ile niliangalia. Nikaona Mto Rwizi unaopita hapo na kuunywesha mji, ukielekea maziwa ya upande wa Mburo. Nikaona kwenye mzunguko wa barabara sanamu ya ng'ombe wa Ankole, pembe zimepanda kama mikono ya mtu anayeomba. Miji mingine huweka sanamu ya mwanajeshi. Mzee alivua kofia. Sijui kama alikuwa anatania.

Kutoka hapo tulishika barabara ya Masaka. Biharwe si mbali, kilomita kama kumi na mbili hivi, mahali penye kituo cha utamaduni cha Igongo. Ng'ambo ya barabara, juu ya kilima, kuna mnara. Mdogo wake mzee, aliyekuwa anatungoja, alitusimulia habari yake. Husimuliwa kwamba mfalme Olimi wa Bunyoro aliivamia nchi hii, akaswaga ng'ombe, akaendelea mpaka Rwanda akateka wengine. Alipokuwa anarudi na mateka yake, alipofika Biharwe, jua likafunikwa mchana kweupe. Giza likaingia. Jeshi likashikwa na hofu, likakimbia na kuacha ng'ombe wote. Watu wa Ntare, mfalme wa Nkore, ambao walikuwa wamebaki na mazizi matupu, wakasema ng'ombe wameanguka kutoka mbinguni. Wataalamu wa nyota walipohesabu, walikuta kupatwa kwa jua kulitokea tarehe 17 Aprili 1520, na mnara umejengwa kwa kumbukumbu hiyo.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: "Na wale waliotoka Rwanda, walirudishiwa wenyewe?" Mdogo wake akanyamaza. Mimi pia. Ng'ombe aliyeanguka kutoka mbinguni kwa mmoja, ameporwa kwa mwingine. Habari hii sisi watu wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kuisoma kwenye mnara.

Ndama tulimkuta amefungwa chini ya mti: jike wa miezi minane, rangi ya udongo mwekundu, na doa jeupe kwenye paji la uso. Mzee alimpapasa mgongo pole pole kuanzia shingoni, akamsemesha kwa Kinyamulenge maneno ambayo sikuyaelewa yote. Halafu akachukua kamba akaniwekea mkononi, mbele ya mdogo wake na wachungaji wengine wawili, wawe mashahidi. Nami nikasema kwa sauti, kama nilivyofundishwa, kwamba huyu mzee amenipa ng'ombe. Wakapiga makofi.

Kurudi tulipanda pikapu pamoja na magunia ya chumvi na mama mmoja mwenye kuku. Kwenye kizuizi polisi walisoma kibali, wakamwangalia ndama, wakaturuhusu. Tulifika Misiera usiku na tochi ya simu. Watoto walikuwa macho.

Sasa sikilizeni. Binti yetu alimzunguka ndama mara moja, akasema, "Huyu si Bihogo." Akaingia ndani akalala. Kesho yake hakumpa ganda la ndizi. Wiki nzima. Na ndama naye alikuwa mkali, anarusha teke, usiku analia akielekea Biharwe. Niliona haya mbele ya mzee, lakini yeye hakuona tatizo. Aliniambia kwamba gushumbusha haikusudii kukusahaulisha aliyekufa. Ng'ombe mpya haingii katika nafasi ya yule, anaingia zizini tu. Nafasi ya yule inabaki.

Nadhani mtoto alimsikia, maana baadaye aliuliza kama anaweza kumpa jina yeye mwenyewe. Akachagua Shumbusho. Siku hizi wanaelewana, ingawa teke bado lipo.

Mwaka 2025 mgao ulikatwa tena na nyumba nyingi zikaachwa nje kabisa, nanyi mnajua. Shumbusho bado hajazaa, hakuna maziwa. Tunamkatia majani, tunamtoa kupe kwa mkono jioni, kila sikio, na mzee anapita kukagua. Akizaa jike, ndama huyo atakwenda kwa mzee, ili naye aanze zizi lake. Akizaa dume, tutangoja wa pili. Mzee anasema hana haraka. Hata hivyo, kila asubuhi anapitia kwetu kabla ya kwenda popote, anasimama kwenye uzio, anamhesabu ng'ombe mmoja.