KOPI YA DISIKI YA BIRO



Wengi wenu waliuliza sababu gani buletini za semesta ya kwanza zilichelewa siku tatu. Wengine wakasema kama sisi wa Informatiki ndio tuliharibu mashini ya biro. Tumeona vizuri kueleza mambo sawasawa, bila kujitetea. Kuharibu, hatukuharibu. Lakini tulikaribia.

Mashini ile munaijua, iko juu ya meza ya Mama Sekretari karibu na dirisha. Ndani yake kuna pointi za wanafunzi wote, majina ya wale wa Exetat, na hesabu ya minervali. Programu ya pointi iliwekwa zamani na mwalimu aliyekwisha kuhama, na CD ya kuiweka upya ilipotea.

Mwezi wa kumi na moja mashini ilianza kuchelewa. Ukiiwasha, unaweza kwenda kuchota maji na kurudi, bado inawaza. Kisha disiki ikaanza kulia: ta, ta, ta. Mama Sekretari akatuita: «Batoto yangu, muniangalilie hii kitu. Ikikufa, nitasema nini kwa Papa Prefe?»

Tukaenda na furaha, maana kuitwa na biro ni sifa. Tukachomeka disiki ya inje, tukachagua mafaili yote, tukafanya kopi. Mengine yakakataa kwa sababu mashini yenyewe ilikuwa inayatumia, tukayaruka. Mengine hatukuyaona hata kidogo, maana yamefichwa. Mangaribi tukamwambia: «Mama, tumemaliza. Hata ikikufa leo, yote iko hapa.» Akatupa chai na mikate. Ile chai tulikunywa bure.

Nyuma ya juma moja mashini ikakataa kuwaka. Tukaleta disiki yetu kwa majivuno, tukaiweka pahali pa ile ya zamani. Kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa Kifaransa ukasema hakuna sistemu. Tena kulikuwa jambo baya zaidi: katika lile juma walimu walikuwa wameingiza pointi za mitihani, na kopi yetu ilifanywa mbele ya pale. Mama Sekretari hakutukana. Alikaa tu, akashika kichwa. Kwetu ilikuwa vibaya kuliko kutukanwa.

Tukamwita mwalimu wetu wa Informatiki. Neno lake la kwanza: «Muache kuiwasha-washa! Disiki yenye kulia ni mgonjwa. Kila mara munaiamsha, munapunguza siku zake.» Kisha akauliza tulifanya kopi ya namna gani. Tulipoeleza, akacheka kidogo, akatuonyesha stensili ya gazeti letu hili.

Akasema: ukichukua kalamu na kuandika katika kayee maneno yote yaliyo juu ya stensili, maneno utakuwa nayo. Lakini utaweza kutia kayee ndani ya roneo izunguke? Hapana. Ili roneo ifanye kazi, inataka stensili nyingine iliyo sawa na ya kwanza, tundu kwa tundu. Ninyi mulinakili maneno. Stensili hamukuifanya.

Disiki ya sistemu iko vile. Mbele ya mafaili ya Windows kuna sehemu ndogo ambayo mashini inaisoma kwanza, ndiyo inaiambia sistemu iko wapi. Kuna pia orodha ya namna disiki ilivyogawanywa, na vyumba vilivyofichwa. Ukikokota mafaili na panya, hivi vyote vinabaki nyuma. Kuna programu zenye kufanya kopi ya disiki nzima, kama Clonezilla, ambayo ni ya bure. Haianzii ndani ya Windows; inaanzia kwa flashi, wakati sistemu yenyewe imelala na hakuna faili linalotumiwa. Disiki mpya inapaswa kuwa na ukubwa sawa na ya zamani, ao kuipita.

Lakini kwa disiki mgonjwa mwalimu alichagua programu nyingine, jina lake ddrescue. Hii inapita kwanza pahali pazima na kuokoa haraka kinachosomeka. Pahali pabovu inaparuka, halafu inarudi kupajaribu polepole. Na kila kilichookolewa inakiandika katika faili moja dogo, sawa ramani. Umeme ukikatika, haianzi upya, inaendelea pale ilipofikia. Wasomaji wetu wanajua umeme wetu: ile ramani ni neema. Tuliiweka kwa flashi ya tatu.

Komite ya wazazi ikanunua disiki mpya ya giga 480, ya namna isiyozunguka. Ile ya zamani ilikuwa ya giga 320. Mwalimu akatufanyisha hesabu: disiki imegawanywa vipande vya okteti 512, basi giga 320 ni vipande milioni 625. Vyote vinapaswa kupita kimoja kimoja.

Tulianza saa kumi na mbili ya mangaribi. Saa tatu ya usiku umeme ukaenda. Tukatafuta esanse ya grupu kwa msimamizi wa interna, tukawasha tena. Mmoja wetu akaandika maneno yale yale ya kwanza: kutoka sda kwenda sdb, na alama ya kulazimisha, maana bila alama ile programu inakataa kuandika juu ya disiki nzima. Kidole kilikuwa kimekwisha kufika juu ya Entrée.

Mwalimu akasema: «Ngoja. Sda ni gani?»

Tukajibu: «Ya zamani, Mwalimu, ni ile ile.»

«Munajua, ao munafikiri?»

Tukaangalia ukubwa. Sda: 480. Sdb: 320. Majina yalikuwa yamebadilishana! Mashini ikiwashwa upya inaweza kutoa majina kwa utaratibu mwingine, na sisi hatukujua. Kama tungebonyeza, disiki mpya ingeandika utupu wake juu ya ya zamani, na hasa pahali pale ambapo hatukuwa tumeokoa bado. Pointi za walimu, kwaheri. Hatukusema neno. Yule mwenye kidole alitoka inje kidogo kupata hewa.

Toka pale tulishika desturi: mmoja anasoma ukubwa kwa sauti, mwingine anaonyesha na mkono, wa tatu ndiye anabonyeza.

Asubuhi kazi ilikuwa imeisha. Vilibaki vipande vichache tu visivyosomeka. Tukatoa disiki ya zamani kwanza, kwa sababu disiki mbili zenye alama moja ndani ya mashini moja zinaweza kugombana. Tukaamuru disiki mpya ichunguzwe, nayo ikawaka. Mama Sekretari akafungua programu, akatafuta pointi za mitihani. Zilikuwemo. Akaimba kipande cha wimbo, akasahau sisi tuko pale.

Sasa, tulijifunza nini?

Kwanza, kopi ambayo hujaijaribu si kopi, ni tumaini tu. Sisi tulisema «tumemaliza» bila kuiwasha hata mara moja. Ilikuwa namna ya uongo, na tumeomba musamaha kwa Mama.

Pili, kopi ya disiki nzima inachukua yote, na virusi na makosa vilevile. Tena inazeeka: pointi za leo haziingii katika kopi ya jana. Kwa hiyo sasa tunaifanya kila mwisho wa periode, na tarehe inaandikwa juu ya karatasi.

Tatu, kopi zisikae chumba kimoja. Moja iko ndani ya mashini, ya pili katika sanduku la biro, ya tatu kwa nyumba ya mchungaji. Mwizi ao moto hauchagui.

Katika ibada ya juma lile tulisoma Yeremia 36. Mfalme alikata kitabu cha nabii na kukitupa motoni kipande kwa kipande, akifikiri neno limekwisha. Yeremia akachukua kitabu kingine, akampa Baruku, naye akaandika yote upya kutoka kinywa cha Yeremia, na mengine yakaongezwa. Lakini, wenzetu, Baruku alikuwa na Yeremia karibu yake. Ile disiki ingekufa usiku ule, ni kinywa gani kingetuambia tena pointi za masomo mazima?

Disiki ya zamani iko kabatini. Tumeandika juu yake: MUSIGUSE.

Sisi wa mwaka wa tatu, Biashara na Informatiki