Maracanã si ile tena

Ukijaliwa siku moja kufika Rio de Janeiro, nchini Brazil, panda garimoshi uteremke kituo cha Maracanã. Mbele yako utauona uwanja mkubwa wa mviringo, na kule mlimani sanamu ya Kristo amenyoosha mikono. Usidanganywe na umbo lake la nje. Hilo lilihifadhiwa kama turathi, lakini ndani mambo yamebadilika kabisa.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka wa 1950. Julai 16 mwaka huo, mashabiki 173,850 walilipa kiingilio kutazama Brazil ikimenyana na Uruguay, na inaaminika waliokuwamo walikaribia laki mbili. Brazil ilihitaji sare tu ili kutwaa Kombe la Dunia. Ilitangulia kufunga, Uruguay ikasawazisha, kisha dakika ya 79 Alcides Ghiggia akatia la pili. Hebu fikiria umati kama huo ukinyamaza kimya! Mlinda lango Barbosa alilaumiwa kwa bao hilo hadi alipofariki mwaka wa 2000.

Lakini watu hao wote walitoshea vipi? Wengi walisimama. Chini kabisa, kuuzunguka uga, palikuwa na sehemu iliyoitwa geral, ambayo tiketi yake ilikuwa rahisi mno. Si kwamba palikuwa pazuri. Mvua ikinyesha uliloa, na mpira ukienda upande wa pili hukuuona vizuri. Hata hivyo, mtu wa kipato kidogo aliingia, tena wengine wakija wamevalia mavazi ya kuchekesha.

Mwaka wa 1992, ukingo wa jukwaa la juu ulivunjika siku ya fainali ya Flamengo na Botafogo, watu 3 wakafa. Baadaye viti vikaongezwa, na mwaka wa 2005 geral ikafungwa. Kisha, kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, majukwaa ya juu na ya chini yaliunganishwa yakawa moja, na paa la zege likaondolewa. Sasa nafasi ni takriban 78,000, kila mtu na kiti chake.

Ni salama zaidi, hilo halina ubishi. Walakini mimi hujiuliza yule wa geral alikwenda wapi. Siku ya mechi, pitia baa zilizo karibu. Huenda ukamkuta ameikodolea macho runinga, shangwe za bao zikimfikia kutoka uwanjani kabla hajaliona.