Viungo vya Kajuni kwa kinu chetu

Mwenzetu mmoja wa kikundi aliletewa na mtoto wake chupa ndogo ya unga mwekundu iliyoandikwa Cajun. Tuliijaribu kwenye samaki, tukaipenda. Halafu tukageuza chupa na kusoma nyuma: chumvi ndiyo imetangulia vitu vyote. Kati yetu kuna wamama wenye tansio ambao muuguzi amewaambia wapunguze chumvi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai tu. Ukihesabu kube tunazotia kwenye mboga, kijiko hicho kimejaa kabla ya jua kuzama. Basi tukaamua kusaga viungo vyetu, bila chumvi hata kidogo. Chumvi utatia mwenyewe kwenye sufuria, na utajua umetia ngapi.

Wakajuni ni watu wa Louisiana, Marekani, wenye asili ya Kifaransa. Wazee wao walifukuzwa na Waingereza kutoka Acadie, Kanada ya leo, kuanzia mwaka 1755. Huko Louisiana walipika jirani na Waafrika waliopelekwa utumwani, na kati yao walikuwamo watu wa Kongo. Mpaka leo mji wa New Orleans una uwanja unaoitwa Congo Square, pale watumwa walipokuwa wakikusanyika siku ya Mungu kucheza ngoma na kuuza vitu vyao. Hata neno gombo, wataalamu wa lugha wanasema limetoka kwenye lugha za Kibantu. Kwa hiyo hiki si chakula cha kigeni kama tulivyofikiri.

Vitu vyote vinapatikana soko. Mahali pa paprika tunatumia puavroni nyekundu zilizoiva kabisa. Tafuta tena vitunguu, vitunguu saumu, pilipili kali, pilipili manga, timu na majani ya seleri.

Kazi kubwa ni kukausha, na hapa Likasi hatuwezi kufanya kama watu wa miji mingine. Kiangazi, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, hewa ni kavu, lakini vumbi nalo ni la kwake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi sana kwenye mkojo, na watoto kuliko wakubwa. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba vumbi na chakula ni njia zake kubwa. Kwa hiyo usitandike pilipili kando ya barabara wala juu ya mabati. Osha kila kitu kwa maji safi, pangusa, kata vipande vyembamba, weka kwenye sinia, funika kwa kitambaa chepesi, na weka ndani karibu na dirisha lenye jua. Usiku, mbabula ikibaki na makala ya mwisho, sogeza sinia karibu.

Kitunguu kiko tayari kikivunjika kama biskuti. Kikipinda, bado kina maji, na maji yataleta ukungu. Ukiona madoa au ukisikia harufu ya uvundo, tupa yote. Sumu ya ukungu haiishi kwa kupika.

Sagia kwenye kinu. (Mashini ya mahindi usifikirie: unga wa jirani utawasha siku nzima, na utasikia maneno.) Fungua mlango, funga leso puani, ondoa watoto. Mikono ikiwasha, paka mafuta kwanza ndipo unawe kwa sabuni. Maji peke yake hayatoi pilipili.

Pima unga uliochekecha hivi: puavroni vijiko 4 vya supu, vitunguu saumu 2, vitunguu 2, pilipili manga 1, timu 1, seleri nusu. Pilipili kali, kijiko kimoja cha chai. Wengine kwetu walitaka vitatu. Hao wasagie yao pembeni. Changanya, tia kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, funga, weka mbali na jua na moshi.

Samaki ndiye anayeipenda zaidi. Chukua tomsoni, mpanguse maji, mpake mafuta na vijiko viwili vya chai vya unga, mwache kidogo, halafu mkaange kwenye karai ya moto sana mpaka ngozi iwe nyeusi-nyekundu. Pamoja na bukari hata mzee wa nyumba haulizi kube iko wapi. Maharagi pia yanafaa, ukitia unga pamoja na vitunguu vinavyokaangwa. Kwenye sombe hatutii. Sombe ina mambo yake.